Matone ya Wilfrido

Wilfrido Rolón hanyolewi kwa mashine. Ukiiwasha tu, hata ukiwa chumba cha pili, anaziba masikio na kutoka nje, na siku hiyo harudi tena. Kwa hiyo mimi humnyoa kwa mkasi, Jumatatu asubuhi, duka langu la kinyozi likiwa limefungwa kwa wateja wengine, na dada yake Digna hukaa karibu na mlango akinishikia kitana. Mwaka wa kumi na tisa huu tunafanya hivyo hapa mjini kwetu Caazapá. Nyumba zetu zimetenganishwa na ua wa michungwa tu, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa.

Ña Digna, kama tunavyowaita kwetu wanawake wa makamo, ana miaka hamsini na saba. Anaoka chipa, mikate yetu ya wanga wa muhogo na jibini, kwenye tanuri la udongo nyuma ya nyumba, kisha anaiuza kituo cha mabasi. Wilfrido ni mdogo wake kwa miaka kumi na minne. Kazi yake ni kupanga mikate kikapuni, minane kila mstari, na kuifunika kwa kitambaa cheupe kisicho na mkunjo. Mteja akichomoa wa katikati, Wilfrido anaguna mpaka pengo lizibwe. Wateja wa siku nyingi wanajua, wanaanzia pembeni.

Wilfrido hatungi maneno yake mwenyewe. Anaazima ya watu. Akifurahi anasema tangazo la matairi la redio, neno kwa neno, pamoja na kile kikohozi cha mtangazaji. Akiogopa anasema, kwa sauti ya marehemu mama yake, "Tulia baba, mama yupo." Tulipokuwa vijana tulimwita kasuku. Nasema tulimwita, kwa sababu na mimi nilikuwamo, na nilicheka kuliko wenzangu. Alikuwa amefikisha miaka thelathini ndipo daktari mgeni kutoka mji mkuu, Asunción, alipomtazama nusu saa na kumwambia mama yake kuwa ule si wendawazimu wala laana, ni usonji, amezaliwa nao. Mama yule alilia pale pale. Miaka thelathini padri, majirani na shemeji zake walikuwa wamemweleza kwamba anaadhibiwa.

Mama alipofariki walibaki Digna, Wilfrido, na kaka yao mkubwa Sindulfo, fundi ujenzi Buenos Aires. Sindulfo hakuja mazikoni. Alipiga simu wiki iliyofuata kuuliza kama Wilfrido ameshatafutiwa mahali pa kuwekwa. Digna akamjibu kwamba mahali pake ni chumbani kwake, alipolala tangu azaliwe, akakata simu.

Basi ni Sindulfo huyo huyo, mwaka juzi, aliyemtumia dada yake video. Ndani ya video kuna mwanamke amevaa nguo nyeupe, nywele zimetengenezwa, anaongea polepole kama anayembembeleza mtoto alale. Anaitwa Mirtha Insaurralde. Zamani alikuwa akiuza vipodozi nyumba kwa nyumba. Sasa anauza Matone ya Mwamko. Alieleza kwamba usonji unatokana na minyoo na sumu tumboni, na kwamba matone yale, ambayo ni maji yaliyosafishwa tu, yanaitoa. Akaonyesha mtoto akisema "mama", na mama akilia. Sindulfo aliandika chini yake kwamba kama Digna anampenda kweli mdogo wao, atajaribu.

Nilimwona Digna akiitazama ile video uani, mara tatu, mara nne. Nilitegemea acheke. Ni mwanamke mgumu kudanganyika. Mpimie unga pungufu uone. Lakini mwaka ule goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua, na aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kila akijilaza anajiuliza yeye akifa nani atajua Wilfrido hali chakula kilichogusana sahanini. Nikamwambia tupo. Tulijua wote wawili kwamba sijawahi hata siku moja kumpikia.

Mirtha alikuja mjini mwezi wa nane. Alikodi ukumbi wa klabu ya mpira na akina mama wakajaa, wengine kutoka vijiji vya mbali, kila mmoja na mtoto wake. Aliwaita mama shujaa. Watoto aliwaita malaika, lakini sikumwona akimgusa hata mmoja. Mimi nilikuwa mlangoni na Wilfrido, maana ndani kulikuwa na spika, na harufu ya manukato ya mwanamke yule ilitufikia mpaka nje. Digna alitoka na chupa mbili.

Siku ya kwanza Wilfrido alikunja uso akaisukuma bilauri. Digna akamshika kidevu. Kupitia michungwa nilimsikia akisema, "Kunywa, Wilfri, ni kwa faida yako." Wilfrido akanywa, kwa sababu aliyempa ni Digna.

Alikunywa wiki tatu. Wiki ya kwanza alitapika. Wiki ya pili aliharisha, akawa anajikunja sakafuni na kusema "Tulia baba, mama yupo" kuanzia asubuhi hadi jioni. Digna alimwandikia Mirtha kwenye kundi la simu. Mirtha akajibu kwamba hiyo ni dalili njema, sumu inapigana kabla ya kutoka, aongeze tone moja. Wanawake wengine kwenye kundi wakampongeza kwa vipicha vya mioyo na maua. Wengine walitia picha za kinyesi cha watoto wao, na chini yake wakaandika "Asante Mungu". Digna alinionyesha.

Kisha vikaanza kutoka vitu kama nyuzi, vyeupe, vyenye utelezi. Minyoo, akasema Mirtha, sasa mwamko umekaribia. Digna alikulia shambani, amefuga nguruwe na amewaona minyoo wa kila aina. Alivitazama vile vitu kwa muda mrefu. Halafu akaitazama damu iliyoandamana navyo. Akachukua chupa ya jamu, akavitia humo, akaifunga, akaosha mikono mara mbili, akaja kuniomba nimpeleke hospitali kwa pikipiki huku mke wangu akikaa na Wilfrido.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alipofungua chupa ya matone, ambayo Digna aliibeba pia, na kuinusa, alirudisha kichwa nyuma. Akamwomba Digna anuse na yeye, lakini aiache lebo, afumbe macho asome kwa pua. Digna akanusa.

"Unasikia harufu ya nini, mama?" daktari akamuuliza.

"Ya kufulia," Digna akasema. "Blichi."

"Ni ndugu yake wa karibu. Watu husafishia mabomba kwa dawa hiyo." Kisha akagusa chupa ya jamu kwa ncha ya kalamu. "Na hii si minyoo. Ni ngozi ya ndani ya utumbo wake. Inachubuka na kutoka."

Digna hakulia. Aliuliza pipa la taka liko wapi, akainama, akatapika. Alipoinuka alisema jambo moja tu, kwamba harufu ile aliisikia tangu siku ya kwanza. Aliisikia akajiambia ni usafi.

Tulimleta Wilfrido siku ile ile, akalazwa siku sita. Sindulfo alipopashwa habari alijibu kwamba angalau yeye alijaribu kusaidia, wengine kazi yao ni kulalamika. Digna alinisomea ujumbe ule kwa sauti isiyo na kitu, kisha akalifuta jina la kaka yake kwenye simu, na mpaka leo hajalirudisha.

Jumamosi iliyofuata Mirtha alikuwa tena kwenye ukumbi wa klabu. Digna alikwenda na chupa ya jamu ameizungushia kitambaa cha chipa. Alinikuta mlangoni akasema nimshike Wilfrido asiingie. Wanawake walikuwa kama ishirini. Mirtha alipomwona alifungua mikono.

"Karibu, mama shujaa. Waambie wenzako mdogo wako anaendeleaje."

Digna aliweka chupa mezani, katikati ya chupa nyingine nzuri zenye lebo. "Vilivyotoka ni hivi."

Mirtha akawageukia wanawake kwa furaha, akaanza kueleza minyoo, urefu wake, umri wake. Digna alimwacha amalize mpaka neno la mwisho.

"Daktari amevitazama," akasema. "Ni utumbo wake. Nimemchubua mdogo wangu ndani kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe nikakushukuru."

Mirtha akatabasamu kwa huruma. Akasema madaktari wanalipwa wanyamaze, kila mama aliyeko pale anajua. Digna akachukua bilauri ya maji ya msemaji, akahesabia humo matone yale yale aliyoambiwa ampe Wilfrido wiki ya tatu, akaisukuma mbele ya Mirtha.

"Kunywa."

"Mimi sina usonji, mama."

"Ulisema ni maji yaliyosafishwa, hata kichanga anakunywa. Basi kunywa, nitakuomba radhi mbele ya hawa wote."

"Nina vidonda vya tumbo. Daktari wangu amenikataza."

"Daktari gani tena, huyo anayelipwa anyamaze?" sauti ikatoka nyuma, na mmoja au wawili wakacheka.

Bilauri ilikaa pale. Mirtha hakuigusa. Alivuta leso akafuta meza karibu nayo, akarudi nyuma hatua moja. Nikafikiri yamekwisha, sasa wanawake watasimama na kumtoa kwa ngumi. Alisimama mmoja, mke wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamgeukia Digna, si Mirtha.

"Wa kwako ameshazeeka, Ña Digna. Hana tumaini tena, tunakuelewa. Wa kwetu bado wadogo. Usituharibie."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akamwomba aondoe ile takataka yake mezani. Na mbele ya macho yangu, huku ile bilauri bado imejaa, wanawake watatu wakapanga mstari kununua.

Digna, ambaye humkaripia mteja akitema mate kituoni, alitema mate kwenye sakafu ya ukumbi ule. Akachukua chupa yake akatoka. Kufika kwake alikaa kando ya tanuri baridi, akaniambia kwamba kinachomtia kinyaa si yule mwanamke. Yule ni mwizi, na wezi wapo. Kinachomtia kinyaa ni kwamba aliwatazama wale watatu machoni na akajiona mwenyewe, na kama Wilfrido asingetoa damu, angekuwa bado yuko kwenye mstari.

Jumatatu mchana alipokuwa kituoni alifikiwa na mwanamke kijana mmoja, Nidia, aliyekuwa nyuma kabisa siku ile. Ndiye aliyeuliza kuhusu daktari. Alikuwa na binti yake wa miaka sita, Araceli, aliyekuwa akikaza macho kwenye magurudumu ya basi. Nidia alisema kwa sauti ya chini, "Leo asubuhi nimempa. Nilikuwa nimeshakusikia, na bado nikampa. Nifanyeje?" Digna alifunika vikapu, akamwachia muuza magazeti, akawapeleka wote wawili hospitali kwa miguu. Koo la mtoto lilikuwa limeungua. Alikula uji na supu mwezi mzima, akapona.

Mwendesha mashtaka alipokea barua ya daktari na kuipiga muhuri. Zaidi ya hapo hatujasikia. Mirtha hakurudi Caazapá, lakini miezi minne baadaye nilikwenda kununua mikasi mji wa pili, nikaona bango lake ukutani: nguo zile zile nyeupe, matone yamebadilishwa jina. Nilisita kumwambia Digna. Nilipomwambia aliuliza siku na saa tu.

Akaenda, na amekwenda tena miji miwili baada ya hapo. Anasimama nje ya ukumbi na karatasi ya daktari, anamwonyesha kila mama anayeingia. Wengi wanampita. Wengine wanamtukana kwa adabu. Safari moja wanne waligeuka, safari nyingine hakugeuka hata mmoja. Chupa ya jamu habebi tena, aliifukia nyuma ya tanuri. Nidia humshikia nafasi kituoni siku hizo.

Wilfrido anakwenda naye, kwa kuwa hawezi kubaki peke yake na kwa kuwa anapenda mabasi. Amenenepa tena. Ila hapokei kinywaji mkononi mwa mtu, mkono wa Digna ukiwa wa kwanza. Anakunywa kwenye bomba la uani, ameinama, mdomo umelizunguka tundu la maji, na Digna ameacha kumlazimisha bilauri. Mara nyingine akimwona dada yake anaosha vyombo, Wilfrido husimama nyuma yake na kusema, kwa sauti ile ile, laini, ya Digna mwenyewe, "Kunywa, Wilfri, ni kwa faida yako."

Digna haachi kuosha. Anasubiri amalize, kisha anamwambia hapana, hatunywi tena, na anamwambia hivyo kila mara, hata kama ni mara kumi kwa siku.