Uso wa Nta

Dada yangu Skolastika alikuwa fundi viatu Mpanda mjini. Mikono yake ilinuka nta siku zote, maana uzi wa viatu hupakwa nta usioze. Mume wake, Gelasius, aliendesha lori. Jamani, yule mwanaume alikuwa anakoroma! Kisha anakata pumzi, kimya, mpaka dada amtikise. Mchana anasinzia kwenye usukani. Mwaka tisini na tano akaliingiza lori mtaroni karibu na Kasekese, tajiri akamnyang'anya funguo.

Daktari mmoja mgeni, akirudi kwao, akamwachia mashine ya betri ya kusukuma hewa puani wakati wa kulala. Shida ilikuwa maski. Ilitengenezwa kwa pua ndefu, nyembamba. Kwenye pua ya shemeji hewa ilivujia machoni, anaamka macho mekundu kama mlevi. "Bora nife," akasema, akaitupa uvunguni.

Dada hakukubali. Alimpaka mafuta, akamkandamizia usoni udongo wa kufinyangia, Gelasius akihema kwa mdomo. Ulipokauka, akaubandua, akamiminia ndani yake nta ya baba yetu, mrina asali wa Inyonga. Ukatoka uso wa Gelasius, na kovu lake la shavuni. Juu ya uso ule akakata tyubu ya baiskeli, akashona, akafumua, akashona tena mpaka ikamkaa. Sharti moja tu: mdomo wa juu unyolewe, kwa sababu hewa hupenya kwenye nywele. Kila Jumamosi alimnyoa mwenyewe.

Gelasius akarudishiwa lori. Zikaanza safari za kubeba dagaa Karema, zikazidi kuwa ndefu. Barabara mbovu, anasema. Na sisi tukaamini, wajinga sisi.

Siku moja tumekaa barazani, akaja mwanamke mgeni na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo dada. Wewe ndiye fundi wa maski?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Naitwa Odeta, natoka Karema. Mume wangu hajui nimekuja. Aliniambia tu kuna fundi Mpanda alimshonea. Sasa inavuja, anasinzia tena kwenye usukani. Naogopa atakufa, dada."

Akaitoa. Mshono ule niliujua! Nikataka kumrukia, dada akanishika goti.

Akaingia ndani, akatoka na uso wa nta, akauvika maski. Ikakaa barabara.

"Maski ni nzima," akasema. "Amefuga masharubu?"

Odeta akatabasamu. "Nilimwomba mimi. Yanampendeza." Ndipo akaliona kovu. "Uso wake umeupata wapi?"

"Kitandani kwangu. Mnyoe kila Jumamosi. Wembe wake huu hapa."

Odeta akalia, akaapa kwamba aliambiwa hana mke. Nilimwamini, na hasira yangu yote ikahamia kwa shemeji. Mwanaume umepewa pumzi, unaenda kuzihemea kwingine! Shenzi kabisa.

Odeta alipoondoka, dada akauweka ule uso kwenye sufuria jikoni. Pua iliyeyuka kwanza.

"Na ile tyubu ikioza?" nikamuuliza.

"Atafute fundi mwingine."

Alikuwa analia. Tukaitumia nta ile kupaka nyuzi za viatu.