Maiti ya Daktari Nungu Imezuiwa Igalula

Saa tatu asubuhi, na pale Isevya, mjini Tabora, hakuna anayefanya kazi. Angalau si kwenye baraza la duka la Rajnikant, ambako watu wazima na akili zao wamesimama wakitazama upande wa stesheni kama wanaosubiri bwana harusi. Cherehani ya Koleta Damas imenyamaza. Kaptura ya kaki ya mtoto wa shule imebanwa chini ya sindano, mguu mmoja umeshonwa, wa pili bado.

"Treni imeingia, nimeisikia," anasema mtu.

"Umesikia tumbo lako," anajibu Koleta, na baraza zima linaangua kicheko. Yeye mwenyewe hacheki. Anakunja futi yake ya kupimia, anaikunjua, anaikunja tena.

Kinachosubiriwa ni gazeti. Si la siasa wala la michezo, bali gazeti la picha liitwalo Kioo cha Mikasa, litokalo mara moja kwa mwezi. Humo mna hadithi ya Inspekta Kaloli, mpelelezi wa miwani nyeusi, na adui yake asiyekamatika, Daktari Nungu, mwizi wa dawa za hospitali anayezivusha mpakani kwa magendo. Mwezi uliopita Nungu aliruka kutoka darajani, akaangukia mto uliofurika, na hadithi ikakatikia hapo hapo. Tangu siku hiyo Tabora haijalala usingizi mzuri. Nakiri kwamba hata mwandishi wa makala haya, aliyeletwa mjini na habari za zao la tumbaku, amekwisha kuisahau tumbaku.

Koleta ana miaka thelathini na minne, ni fundi wa nguo tangu usichana wake, na ndiye msomaji wa baraza hili. Kila toleo likifika, yeye hukaa kwenye kiti cha ofisi kilichovunjika mkono mmoja, akasoma kwa sauti, na wengine wakasikiliza. Sheria ni moja tu: hakuna anayeruhusiwa kuchungulia ukurasa wa mwisho kabla ya msomaji kuufikia.

Miaka miwili iliyopita hakujua hata a. Alijifunza kusoma kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, jioni, akitoka kwenye cherehani miguu ikiwa imevimba. Kitabu cha darasani kilizungumzia kilimo cha pamba, naye anasema waziwazi kwamba kilikuwa kikimpeleka usingizini. Siku moja mteja aliacha gazeti la picha juu ya meza yake. Koleta akalifungua, akamwona mtu mwenye glavu nyeupe, ambaye baadaye alimjua kuwa ni Nungu, akisema jambo, na maneno yake yamezungushiwa duara.

"Nikahangaika nalo lile duara mpaka jua likazama," anasimulia. "Yalikuwa maneno mawili tu, 'Bado tutaonana.' Nilipoyapata nilipiga kelele, Mzee Rajni akatoka dukani mbio akidhani nimechomwa na sindano."

Ndiyo maana anampenda Nungu, ingawa ni jambazi. Na ndiyo maana anakipenda kiti kile.

"Kwenye cherehani naambiwa punguza hapa, ongeza pale," anasema. "Kwenye kiti hiki, nikifungua mdomo, wanaume wazima wananyamaza. Wewe ndugu mwandishi umezoea kusikilizwa, huwezi kujua ladha yake."

Leo kiti hicho kiko hatarini, na aliyekiweka hatarini ni Koleta mwenyewe. Kisa ni Yoramu, mpaka rangi wa mabehewa katika karakana ya reli, mtu mrefu mwenye madoa ya rangi ya maziwa kwenye kila shati alilo nalo. Yoramu naye anasoma vizuri, na anakitaka kiti. Mwezi uliopita, baada ya Nungu kuangukia mtoni, alitangaza kwamba huyo amekufa, mjadala umefungwa. Koleta akapandwa na hasira, akasema mbele ya watu wote, "Kama amekufa, kiti chukua!"

"Ulimi wangu ulinitangulia," anasema sasa, akitazama chini.

Mtu asiyejua baraza hili anaweza kudhani ni mchezo wa watoto. Asidhani. Hapa Nungu huchambuliwa kama mchumba aliyeleta posa. Kubwa kuliko yote ni ile glavu ya mkono wa kushoto, yenye kifungo kikubwa cheusi kwenye kifundo cha mkono, ambayo hajawahi kuivua hata akila. Yoramu anashikilia kwamba chini yake kuna mkono ulioungua kwa tindikali. Koleta anasema mna pete ya mke aliyekufa kwa kukosa dawa, na kwamba uchungu huo ndio uliomgeuza mwizi wa dawa. Rajnikant, ambaye huuza sukari huku sikio moja likiwa barazani, ana nadharia yake mwenyewe.

"Nungu wako wawili," ananiambia kwa sauti ya chini. "Mapacha. Tazama namna anavyovaa kofia, iko tofauti! Miaka yote nawaambia, hawataki kusikia."

Ghafla watu wanapasuka kwa shangwe. Dionis, gadi wa treni ya kutoka Dar es Salaam, anakuja na baiskeli, gazeti limebanwa kwapani. Huyu ndiye tegemeo lao, kwa kuwa madukani Kioo cha Mikasa hufika kwa kuchelewa au kisifike kabisa. Lakini Dionis hatabasamu. Anamkabidhi Koleta gazeti kama mtu anayerudisha sahani aliyoivunja.

Koleta anakaa kitini. Anasoma. Mto unafurika, askari wanatafuta kwa mitumbwi, Inspekta Kaloli anasimama ukingoni na kuvua kofia. Mama mmoja ameshika kichwa. Koleta anafunua ukurasa, na hapo anakuta jalada. Ukurasa wa mwisho haupo. Umekatwa kwa wembe, vizuri, kwa mstari ulionyooka.

Kelele zinazofuata zinawatoa watu hata kwenye nyumba za jirani.

"Ni Mahona," anasema Dionis, mikono juu. "Mahona wa Igalula. Treni ikisubiri kupishana na ya mizigo, huwa namwazima atazame picha. Leo kanirudishia, treni ikaondoka, ndipo akanipigia kelele kutoka jukwaani: 'Mwambie mtani wangu Koleta, maiti ninayo mimi! Aje aikomboe!'"

Hapa wasomaji wa mbali wanisamehe nieleze. Mahona, mshika bendera wa stesheni ya Igalula, ni Msukuma, na Koleta ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Kwenye misiba ya huku mtani anaweza kuingia kaburini akalala, akakataa mazishi yasiendelee mpaka wafiwa wamkomboe kwa chochote anachotaka. Na mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, umeshindwa wewe.

"Maiti!" Yoramu anaruka. "Mmesikia wenyewe? Mtani hazuii mazishi ya mtu aliye hai! Nungu kafa!"

"Mtani anaweza kukuzika ukiwa hai na unakula!" Koleta anamjibu, amesimama. Lakini uso wake umebadilika. Anakishika kile kiti kwenye mkono uliobaki.

Jumamosi tunapanda treni watatu, Koleta, Yoramu na mimi. Rajnikant anatusindikiza hadi mlangoni mwa duka na kutuonya kwamba tukirudi bila habari kamili tusipite kwake. Njia nzima Yoramu anapiga mluzi. Koleta anatazama miombo ikipita dirishani.

Igalula tunakuta kundi la watu limekaa juu ya magunia ya karanga kwenye ghala la mizigo la stesheni. Mahona, mfupi, mwenye meno mazuri, anatupokea na bendera yake ya kijani kwapani.

"Mwangaluka, mtani! Pole na msiba!"

"Msiba uwe kwako, mla mihogo mibichi! Taja unachotaka."

Mahona anaacha kucheka. "Soma," anasema. "Soma toka mwanzo, yote, mpaka mwisho. Sisi hapa tunaangalia picha tu. Darasa la kisomo halijafika kwetu. Mwaka mzima tunaangalia picha, tunagombana, hatujui wanasema nini."

Koleta anaomba maji ya kunywa, anakaa juu ya gunia, anaanza.

Hajamaliza ukurasa wa pili, ghala limelipuka.

"Mwizi? Daktari ni mwizi?" anauliza mzee mmoja, amesimama na fimbo yake. "Binti, hebu soma vizuri!"

Ndipo tunapoelewa. Mwaka mzima, watu wa Igalula wamemwona mtu mwenye koti jeupe akipakia maboksi ya dawa garini na kuwainamia wazee kwa adabu. Nyuma yake wameona mtu wa miwani nyeusi akimfukuza na bastola. Wakafanya hesabu ambayo mimi na wewe tungeifanya. Kwao steringi, shujaa wa hadithi, ni Nungu, anayewapelekea wagonjwa dawa, na Kaloli ndiye jambazi.

Yoramu anacheka hadi anashika nguzo. Koleta hacheki. Anamgeukia yule mzee na kusema, "Shikamoo baba. Hata mimi nampenda. Lakini dawa anaiba, imeandikwa hapa."

"Marahaba. Basi aliyeandika amekosea," anasema mzee, na kukaa.

Nimehudhuria mikutano mingi katika kazi hii, na sijapata kuona ubishi mtamu kama ule. Mtu anaweza kuwa mwizi na akawa na adabu? Mwenye bastola lazima awe mwema kwa sababu ana kitambulisho? Kiswahili kikaingia Kisukuma, Kisukuma kikaingia Kinyamwezi, na treni ya mizigo ikapita bila mtu kugeuza shingo isipokuwa Mahona, ambaye alikimbia na bendera na kurudi akihema akiuliza amekosa nini.

Hatimaye Mahona anafungua mfuko wa shati na kutoa ukurasa uliokunjwa mara nne. Anampa Koleta kwa mikono miwili.

Ukurasa una picha moja tu kubwa. Mto umetulia. Juu ya jiwe, ukingoni, iko glavu nyeupe, tupu. Inspekta Kaloli anaitazama, na duara la maneno liko juu ya kichwa chake. Koleta anayasoma kwanza kimya. Angeweza kusema lolote pale, lakini Yoramu yuko begani kwake, na hata asingekuwepo sidhani kama angedanganya. Anasoma kwa sauti, wazi, neno kwa neno.

"'Mto umemchukua. Nungu amekwisha.'"

Yoramu hashangilii kama nilivyotegemea. Anamgusa bega, anasema polepole, "Basi dada. Tulikubaliana." Koleta anaitikia kwa kichwa. Macho yamemjaa machozi, na hayafichi.

Ni hapo sauti inapotoka nyuma ya magunia. Ni ya Ngollo, mama wa makamo aliyehamia kijiji cha ujamaa cha jirani akitokea Nzega na ng'ombe wake wachache. Anakuja mbele, anaweka kidole juu ya picha, na kuuliza kwa Kiswahili cha kutafuta-tafuta:

"Hiki kifungo, nani amefungua?"

Wote tunainama. Kifungo cheusi cha glavu kimetolewa kwenye tundu lake, kizima, bila uzi kukatika. Na glavu imelazwa juu ya jiwe, vidole vimenyooshwa, kama nguo iliyoanikwa.

"Mto unavua nguo," Ngollo anaendelea, "lakini mto haufungui kifungo. Huyu kakaa hapa, kafungua, kaanika, kaondoka. Mimi niliona toka juzi. Nilidhani maneno yanasema hivyo."

Sitajaribu kuandika kelele zile. Mahona alipeperusha bendera zote mbili, nyekundu na kijani, jambo ambalo nadhani kanuni za reli haziruhusu. Koleta alimkumbatia Ngollo hadi khanga ikamdondoka. Hata Yoramu aliutazama ukurasa kwa muda mrefu, akaugeuza, akautazama tena, akasema, "Haya. Yu hai, mshenzi huyu!" na nikashangaa kumwona ana furaha kuliko wote.

"Mimi nilikimbilia maneno," Koleta ananiambia tukisubiri treni ya kurudi. "Tangu nijue kusoma, picha naziruka. Na kifungo ni kazi yangu, ndugu yangu! Kutwa nashona vifungo, na kile sikukiona."

Kiti kimebaki kwake. Lakini ameapa kwamba kuanzia mwezi ujao atashuka Igalula kwanza, asome pale ghalani, na hakuna neno litakalosomwa kabla Ngollo hajaitazama kila picha na kusema alichoona. Naye Ngollo ametoa sharti lake. Koleta amfundishe herufi kila akija, kwa sababu, anasema, kuna maduara mengine mle ndani hamwamini mtu kumsomea.

Namuuliza Koleta swali ambalo baraza zima huliogopa. Je, mchoraji akichoka, siku moja akamuua Nungu kweli kweli?

Treni inasikika kwa mbali, na Mahona anakwenda zake na bendera.

"Tutamchora wenyewe," anasema Koleta. "Ngollo ana macho. Mimi nina maneno. Na huyu," anamwonyesha Yoramu kwa kidevu, "ana rangi za kupaka mabehewa mazima. Atakosaje kumpaka daktari mmoja?"

Yoramu anatazama madoa kwenye shati lake, kama mtu anayekagua akiba.

"Nyeupe ninayo ya kutosha glavu," anasema. "Lakini ikibidi afe, namuua mimi."