Bibi Kwenye Meza ya Walebanoni

Harufu ya kitunguu saumu ikichanganyika na moshi wa makaa bado hunirudisha kwenye mkahawa wa Walebanoni wa mtaani kwetu Kolwezi, wenye mapazia ya kijani yaliyoufanya mchana wa kiangazi uonekane kama maji. Nilikuwa na miaka saba hivi. Tulikuwa tumemzika babu, na bibi aliletwa kwetu kutoka Mutshatsha, akawa anaishi kwa chai tu. Mama alipika kila alichokijua. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyotoka. Baba naye akaanza kukonda, nami niliogopa tusije tukamzika na bibi. Jumapili moja, baada ya misa, baba alituchukua sote kwenda kwa Walebanoni, maana alikuwa ameishiwa na mawazo.

Zikaja sahani ndogondogo: dengu zilizopondwa zikielea kwenye mafuta, biringanya za kuchoma, kuku wa makaa, mikate myembamba ya moto. Bibi akaitazama meza yote. “Bukari iko wapi?” Bukari ndio ugali wetu, na pale haukuwapo. Akakunja mikono. Ndipo mwenye mkahawa, mwanamke mzee tuliyemwita Mama Nadia, mzaliwa wa hapahapa, akavuta kiti karibu naye. “Mama, mi pia sikukula tangu asubui. Tukule pamoja.” Bibi aliweza kumkatalia mwanawe, lakini kumwacha mgeni wa meza yake ale peke yake hakuweza, hata kwa huzuni ile. Akamega mkate. Wakala polepole, sahani zikaisha moja baada ya nyingine, nami nikajiona kama naota.

Jioni jirani akauliza tulikula nini. “Hatukukula,” bibi akajibu, akiwasikitikia Walebanoni. “Bale batu beko bazuri, lakini banalala na njala.” Kwetu ambaye hajaonja bukari hajala, hata angemaliza ng'ombe mzima. Kisha akamgeukia mama: “Weka maji pa moto, tupike bukari.” Baba alicheka mpaka akalia, na bibi hakuelewa kwa nini. Aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo.

Mkahawa bado upo. Siku hizi umejaa madereva wa malori ya migodi ya Fungurume na vijana wachimbaji wenye haraka, kila mmoja na simu yake. Mimi pia huenda, peke yangu, nikitoka kazini. Naagiza ninachotaka, chakula ni kitamu vilevile. Nikiacha nusu ya sahani nikaondoka, hakuna atakayekosa usingizi kwa ajili yangu.