Aliyetengeneza Bunduki ya Ukungu

Wiki iliyopita nilikuwa nakunywa chai stendi ya Mbeya, simu ikaita, na aliyepiga hakusalimia. Alisema tu, "Fundi ametutoka," akakata. Sikuhitaji kuuliza fundi yupi. Kwenye simu yangu wamejaa mafundi, wa redio, wa pikipiki, wa bomba, lakini anayeweza kutajwa hivyo kisha simu ikakatwa ni mmoja tu, yule seremala wa Kihesa, Iringa, aliyetengeneza vitanda na madirisha ili watoto wale, na bunduki za leza ili moyo wake upumue. Nyinyi mnaonisoma hapa mmezoea nikigombana na barabara mbovu na mbolea inayofika mahindi yakiwa yameshabeba. Leo nivumilieni. Namwandikia mtu ambaye kwa mgongo wake uliovunjika mimi nilipata nafasi hii ninayoandikia.

Kwa wasiojua habari yenyewe, ni hivi. Pale Iringa kulikuwa na jamaa mpiga video wa harusi na vipaimara, akaamka siku moja akasema anatengeneza filamu. Safu hii haitaji majina, basi nitamwita mwongozaji, na watu wa Kihesa wote wanajua namsema nani. Filamu ilikuwa ya vita vya miaka ijayo. Maji ya mto yamekauka, jeshi la watu wa milimani linashuka kupigana na jeshi la watu wa bondeni, na askari wa miguu hawana risasi tena, wanapigana kwa bunduki za leza, za mwanga. Mimi, mtu wa Mbeya niliyekuwa Iringa siku hizo, nilichukuliwa niwe askari wa milimani kwa sababu, walisema, uso wangu una uchovu wa kivita. Fundi alipewa kazi ya kuchonga silaha. Mwongozaji alitaka zote zifanane, apige picha amalize. Fundi akamtazama kama mtu aliyeagiza nyumba isiyo na mlango. "Jeshi gani hilo," akauliza, "mpanda pikipiki na mlinda mlango wanabeba bunduki ya namna moja?"

Akaanza na moja aliyoiita Mama. Ilikuwa ya mbao ya paini, nyepesi, imepakwa rangi ya fedha, na mdomoni ameweka kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli. Hiyo ndiyo ya askari wa kawaida. Kutoka kwa Mama zikazaliwa nyingine. Ilikuwepo fupi ya wapanda pikipiki, inayopigwa kwa mkono mmoja. Ilikuwepo ndefu ya mdunguaji, ina darubini ya kipande cha bomba la plastiki, na kitako chake kimechongwa kikakaa begani kama mtoto aliyelala. Ilikuwepo ya watu wawili, mmoja anabeba mtutu na mwenzake anabeba betri, wameunganishwa kwa waya. "Wakigombana njiani," fundi alisema, "wamekufa wote." Akacheka peke yake mpaka machozi. Hakuwa anaweka kitufe bila kujua kazi yake. Nilimuuliza siku moja kitufe kidogo cha pembeni ni cha nini. "Cha kupunguza mwanga. Ukimpiga adui aliyesimama karibu na nyumba ya nyasi, hutaki uchome kijiji." Nikamwambia, fundi, hiyo ni mbao. "Mbao kwako," akajibu, wala hakuinua macho kwenye randa.

Iliyomtesa ilikuwa ya ukungu, na chanzo chake ni mimi na yeye kutaniana. "Nyinyi watu wa Mbeya, ukungu ndio blanketi lenu," aliniambia. "Taa ya lori pale Uyole asubuhi haifiki popote. Leza yenu itafika wapi?"

"Tutangoja jua litoke."

"Na adui naye mtamwambia angoje jua? Bwana mdogo, ungekuwa jenerali wewe, tungekuwa tumeshazikwa na arobaini imepita."

Akafikiri siku kadhaa, kitanda cha watu kimelala bila miguu pale karakanani. Mwishowe akatoka na bunduki yenye mdomo mpana kama tarumbeta, na mgongoni kwa askari inakaa betri yake. Hiyo betri ilikuwa bomba kuukuu la kupulizia dawa shambani, la mikanda miwili, amelipaka rangi ya fedha. Kwa maelezo yake, bunduki hii inapuliza kwanza hewa ya moto, inafungua njia katikati ya ukungu, kisha mwanga unapita kwenye ile njia. Ili kamera ione kitu, alijaza maji yaliyovurugwa na unga. Ukipampu, wingu jeupe linatoka mbele. Aliipenda kuliko zote, akasema hiyo ataibeba mwenyewe kwenye filamu, hampi mtu.

Tukaenda kupiga picha Ubaruku, kwenye majaruba ya mpunga, kwa sababu alfajiri pale maji yanatoa kaukungu kazuri. Mpunga ulikuwa unatoa masuke. Anayejua mpunga anajua maana yake. Watu wote wako shambani kabla hakujakucha, wamepanda juu ya vichanja na makombeo yao wanaamia, wanafukuza ndege wasile mpunga, na mtu ambaye chakula chake cha mwaka kimesimama mbele yake hivyo hana mzaha mwingi. Tena siku zile kulikuwa na maneno kule, maneno ya maji na mipaka, kwamba fulani ameapa atamwagia dawa ya magugu mpunga wa fulani. Sisi hatukuyajua. Tungeyajua kama tungefanya anachofanya mgeni yeyote mwenye kazi kijijini, kupita kwanza kwa mwenyekiti. Fundi aliliuliza hilo tukiwa bado kwenye kanta, lile lori dogo lililotubeba. "Kwa mwenyekiti tumepita?" Mwongozaji akasema tutapita baadaye, ukungu hausubiri vikao.

Watu wengi wamekuwa wakisema tulipigwa kwa sababu ya bunduki. Si kweli. Bunduki waliziona kuwa mbao kabla hatujafika karibu, wakatucheka. Mama mmoja juu ya kichanja alipiga kelele, "Jamani njooni muone, mibaba mizima na vibunduki! Mama zenu wanajua mlipo?" Hata mimi nilicheka. Kisha akapita fundi juu ya tuta, na lile bomba mgongoni, na ule mdomo mpana umeelekea kwenye masuke. Kicheko kikakatika palepale.

"We! Unapulizia nini mpunga wangu?"

"Si dawa, mama, ni bunduki!"

"Bunduki? Mimi silijui bomba?"

Yowe likapigwa. Watu wakaanza kushuka vichanjani kila upande. Fundi angeweza kulivua akalitupa, lakini alikuwa mtu wa kuonyesha kazi yake ieleweke. Akasema, "Ni unga tu, mama, tazama." Akasita. Hapo, na hili ninalisema mbele yenu wote, mwongozaji aliyekuwa amesimama juu ya kanta na kamera yake, akiwaona wale watu wakija na fimbo, akapaza sauti: "Puliza, fundi! Puliza, kamera inakula!" Fundi akapuliza. Lile wingu jeupe likapanda polepole, likatua juu ya mpunga wa yule mama.

Sitaeleza kipigo. Mimi nilipigwa, nikakimbia, nikaanguka kwenye mfereji, na maji yakanificha. Nilipoteza meno na sikio moja halisikii vizuri mpaka leo. Yeye hakuweza kukimbia. Mikanda ya bomba alikuwa ameishona mwenyewe, imara, kama alivyofanya kila kitu, na haikufunguka kwa haraka. Mwenyekiti alipofika mbio akatukuta chini, akashika kichwa. "Mngeniambia jana tu," alisema. "Ningewapa na watu wa kuigiza." Juu ya kanta kamera ilikuwa bado inafanya kazi.

Fundi alipona kwa jina tu. Alitembea ameinama, randa hakuishika tena, na figo zikamsumbua mpaka zilipomchukua. Baada ya mavuno wale wa Ubaruku walikuja Kihesa, yule mama akiwa mbele yao, na gunia la mchele. Wakakaa chini sakafuni. Mama akasema, "Tulikosea, baba. Tulidhani unaua chakula chetu." Fundi akamjibu, "Ningekuwa wewe, ningepiga mimi wa kwanza." Wakala pamoja. Mwongozaji hakuja siku hiyo wala nyingine. Yeye alikichukua kile kipigo akakiweka kwenye filamu, ndivyo vita vyenyewe, na kwenye vibanda vya video watu walishangilia jinsi wale waigizaji wanavyojua kuanguka. Kipande changu mimi, nakimbia nimeshika kaptura, nadumbukia mferejini, kilitembea kwenye simu za watu kutoka Iringa mpaka Tunduma. Mhariri wa gazeti hili alinijulia huko. Aliniambia wazi, wewe watu wanakujua, andika. Mtu wa darasa la saba akapewa safu. Mwenzangu fundi alikuwa nyumbani anafundishwa kukaa upya.

Nimefikiri sana juu ya ule mkono ulioshika kamera. Zamani mtu akianguka, aliye karibu alikuwa na mikono miwili ya kumwinulia. Siku hizi mkono mmoja una simu, na ule mwingine umekaa tayari kumsogeza mtu anayeziba picha. Lori likipinduka mlimani, picha zinafika Mbeya mjini kabla majeruhi hawajatolewa. Nasi tulio majumbani tunazitazama, tunasema masikini, tunamrushia mwingine. Mwongozaji namlaumu na nitamlaumu mpaka kaburini, lakini picha ile alimpigia nani? Asingepata watazamaji, angeshuka garini.

Mazishi yalikuwa Kihesa, watu wengi, turubai limejaa mpaka barabarani. Mwongozaji alikuja amependeza, akakumbatia kila mtu. Kabla ya ibada akamfuata mjane ndani, nami nilikuwa pale mlangoni. "Shemeji, pole sana. Zile bunduki kule karakanani, naomba nizichukue. Nafanya sehemu ya pili, nitamuenzi."

Mjane hakukasirika. "Utachukua," alisema. "Historia ya marehemu ikisomwa, ikifika pale Ubaruku, simama useme aliyesema puliza ni nani. Basi. Ukishasema, gari lako lilete mpaka mlangoni."

Historia ikasomwa. Amezaliwa, amebatizwa, amefunga ndoa, ufundi wake. Msomaji akafika kwenye mstari unaosema marehemu alipata ajali akiwa kazini. Mjane akainua mkono. Msomaji akashusha karatasi. "Kuna mwenye la kuongeza hapo?" mama akauliza, sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza nani hajapata kiti. Mwongozaji aliangalia viatu vyake. Nikamkazia macho. Wale wenzangu tuliokuwa askari wa milimani nao walimkazia macho, sote tumekaa mstari mmoja, sote tulisikia siku ile kwa masikio yetu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Moyoni nilikuwa nasema, simama wewe mshenzi, simama. Mchungaji akakohoa. Msomaji akaendelea.

Tuliporudi kutoka makaburini, akina mama waliokuwa wanapika wakasema kuni zimepungua. Mjane akaonyesha karakana kwa kidole. "Mbao zipo kule." Shemeji zake wakatoka nazo, Mama, na ile fupi, na ndefu ya mdunguaji, na ile ya watu wawili, zote isipokuwa ya ukungu iliyobaki Ubaruku, shoka likaanza. Mwongozaji akaruka, "Shemeji, hiyo ni sanaa!"

"Sanaa ya nani?" mama akamuuliza.

Zikawaka vizuri, paini haina ubishi. Maharage yakaiva, nikapewa sahani, nikala nikamaliza.

Toka siku ile nimekuwa nikijitetea njiani peke yangu kwamba aliyeulizwa si mimi. Ni kweli, mimi sikusema puliza. Lakini nilisikia, na mjane hakutaka mtu wa kufungwa, alitaka mtu mmoja wa kuondoa neno ajali kwenye maisha ya mumewe, mbele ya majirani, siku ya mwisho ambayo wote wangekaa kumsikiliza. Yeyote kati yetu angetosha. Tulimngoja mwenye kosa kubwa asimame kwanza, na mwenye kosa kubwa hasimami kamwe, hilo ndilo analojua kuliko sisi. Kwa hiyo, msomaji wangu, jambo likiwa la wengi na wewe una kipande kidogo tu ndani yake, usingoje mkubwa wenu. Simama na hicho kidogo chako, wafiwa wakiwa bado wamekaa mbele yako. Mimi nilingoja. Sasa nimeyasema yote gazetini, na yule mjane hajui kusoma.