Neno la Mwalimu Datius

Kaka yangu Datius alifukuzwa seminari akiwa kijana, lakini Kilatini hakikumtoka. Alifundisha Kiingereza hapa Izigo mpaka akastaafu. Nimezaliwa naye tumbo moja na simpendi, nasema wazi. Ukimwambia unakwenda hospitali, anakusimamisha juani na kidonda chako, akueleze kwamba hospitali na hoteli Waingereza walizipata kwa Wafaransa, na shina lake ni Kilatini, mambo ya mgeni na mwenyeji. Loo! Wewe mguu unauma, yeye anachimba mashina.

Binti yake Alistidia akampata Wilbert, fundi friji wa Hamugembe kule Bukoba, Mlutheri. Alitaka kitu kimoja tu: baba awapokee washenga. Walipokuja, mimi shangazi mtu nikaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna, maana kwetu asiyepewa kahawa ameambiwa atoke. Datius akakifunika kwa mkono.

"Hostis," akasema. "Warumi wa kale walimwita hivyo mgeni. Baadaye wakamwita hivyo adui, na Waingereza wakatoa humo neno lao la uadui. Neno ni lilelile, mabwana. Leo nachagua maana ya pili."

Washenga wakaondoka midomo mikavu. Alistidia alilia mpaka sauti ikamkauka. Nikamwambia Datius, "Una laana wewe!" Unajua alinijibu nini? Eti laana ni Kiarabu.

Walioana bila yeye. Mwaka huu wamepata mtoto, mjukuu wake wa kwanza, na mzee mzima akalainika ghafla. Akanibembeleza nimpeleke. Tukapanda basi hadi Bukoba, amevaa koti la Pasaka, amekumbatia mkungu wa ndizi.

Alistidia alituwekea viti, mtoto amelala mgongoni mwake. Akaleta kikapu cha kahawa. Akanipa mimi, akampa jirani yake Vestina, akampita baba yake.

"Na mimi, mwanangu? Mgeni hapewi?"

"Neno ni lilelile, baba," akasema taratibu. "Leo nachagua maana ya pili."

Mkuki kwa nguruwe! Datius akanigeukia, macho yamejaa machozi, nimwombee. Alistidia asingelikataa neno la shangazi yake, na sote watatu tulilijua hilo.

Nikatafuna kahawa yangu. Ilipokwisha, nikamwambia Vestina anisogezee kikapu, niongeze.