Maganda ya Watu Wanne

Nimepanga vyumba katika miji mingi, na kote nimemenya ndizi nikatupa maganda kwenye pipa la taka. Kila mara mkono husita. Kwetu Old Moshi maganda ni ya ng'ombe, anayelishwa bandani mwaka mzima, katikati ya migomba na kahawa. Ukichungulia hori ya mtu, unajua nyumba yake imepikia watu wangapi.

Bibi alinisimulia hili tukimenya ndizi. Alikuwa msichana wakati wa vita vya kwanza vya Wazungu. Waingereza walikuwa wamewafukuza Wajerumani mlimani, sasa wanakamata wanaume wa kubeba mizigo ya jeshi. Baba yake alishachukuliwa. Asubuhi moja wapagazi wawili waliotoroka, watu wa mbali wasiojua hata neno moja la Kichagga, wakasimama mlangoni. Mmoja alishika jani la isale. Kwetu anayekuletea isale humkatai, hata kama amekukosea. Mama yake aliipokea ile isale. Akawashusha kwenye shimo ambalo wazee walichimba kujificha na mifugo enzi za vita vya machifu, akafunika mdomo wa shimo kwa majani makavu ya migomba.

Maganda ya ziada aliyazika. Lakini siku moja bibi, akidhani anasaidia, akayamwaga yote horini. Adhuhuri hiyo askari wakaja, wakiongozwa na mwenyeji wa huku huku. Yeye hakuhangaika na chumba wala dari. Aliinama horini.

"Mama, mko wangapi hapa?"

"Mimi na binti yangu."

"Na haya maganda ya watu wanne? Au binti anakula kama tembo?"

Askari wakacheka. Ndipo jirani, aliyekuwa akikata majani ng'ambo ya ua, akapaza sauti: "Ni yangu hayo! Ng'ombe wake kazaa juzi, nisimletee? Au siku hizi hata maganda mnayapeleka vitani?"

Ndama alikuwepo kweli, amelala pale pale. Yule mwenyeji alimtazama ndama, akatema mate, akawaondoa askari wake.

"Kumbe ulijua?" mama akamuuliza jirani.

"Isale niliwachumia mimi kwenye ua wangu, dada. Mimi sina shimo."

Tangu hapo jirani alipita kila mchana na kikapu kitupu kilichofunikwa, watu wakimwona, kana kwamba analeta maganda. Akirudi, alikuwa amebeba humo maganda ya wale wawili, akayazike kwake. Hivyo hivyo, hadi walipopata njia ya kwenda kwao.

"Mama hakuwa jasiri," bibi aliniambia. "Aliogopa kila siku. Na kila siku alimenya."

Desemba hii nimerudi nyumbani. Banda letu ni tupu. Leo nimemenya ndizi, nikapeleka maganda kwa mke wa mjukuu wa yule jirani.

"Shemeji," akacheka, "hata sisi ng'ombe tuliuza zamani!"

Nikajitwika kikapu changu, nikaendelea kupanda mlima kumtafuta mwenye ng'ombe.