Redio Niliyoifunga kwa Magunia ya Sukari

Nina redio kumi na moja na kila moja imenizidi umri. Zote ni za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama vibatari, zote zinakamata masafa mafupi, na ukiwasha lazima usubiri zipate joto kwanza, kama mzee anayetafuta miwani kabla hajakujibu. Mama anasema ningekusanya kuku tungekuwa tunakula mayai. Mimi namwambia kuku hawezi kukuletea Dar es Salaam.

Hata hiki Kiswahili ninachoandika nimekiokota humo. Sisi wa Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, mtaani tunasema Kimalagasi, nyumbani Kikomoro, na shuleni Kifaransa, ambacho mimi nilikiacha hukohuko nilipomaliza shule ya msingi. Kiswahili yalikuwa maneno ya wazee tu, ya dini na ya sokoni. Mengine nimefundishwa na watangazaji ambao hawajui kama nipo duniani.

Redio zenyewe nilizipata hivi. Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya zile fujo za Mahajanga, mji wa pwani ya ng'ambo, watu wetu walipouawa mitaani, Wakomoro wengi walipakiwa kwenye ndege na meli wakarudishwa kwao, na wengine hiyo "kwao" walikuwa hawajawahi kuiona. Mtu anaondoka na mtoto mkono huu na godoro mkono ule. Redio nzito kama mbuzi haiendi. Zikabaki kwa majirani, zikawa meza, zikawa makazi ya mende, na mimi nikawa nazizungukia kama mchumba. Nikiipata moja siugusi mshale wake wa stesheni. Kwanza naiwasha nisikie mwenyewe alikuwa anasikiliza nini siku ya mwisho. Nyingi zimesimama Moroni, kule Komoro kwenyewe.

Bibi yangu, kwetu tunamwita koko, yeye hakuondoka. Alikaa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, akasema kazaliwa Mahabibo na mumewe kazikwa Mahabibo, sasa huko Moroni anakwenda kumtembelea nani? Aliyepanda ndege ni binti yake wa mwisho, mama yangu mdogo, na mimba ya miezi mitano. Barua tulipeleka, majibu hayakuja. Ikabaki redio. Wakati ule redio ya Moroni, kila Ijumaa baada ya sala, walisoma salamu za waliorudi kwa ndugu zao waliobaki: fulani mzima, fulani kahama, fulani hatunaye.

Koko alikuwa na kiredio chake kidogo cha valvu. Alikitia doa la hina kwenye kioo, pale mshale unapokutana na Moroni, na ole wako uguse. Lakini kilikuwa kimechoka. Mtangazaji alisikika kama anasemea ndani ya mtungi, na Koko miezi saba mizima anasikiliza mtungi.

"Jina langu likipita sitalijua," aliniambia nilipokwenda kumsalimia. "Sitaki mengi mimi. Nijue kajifungua salama, na kazaa nini."

Mapajani alikuwa na kofia ndogo anaidarizi.

"Na akiwa msichana, Koko?"

"Ndiyo nataka kujua, mjinga wewe. Nimeshafika nusu!"

Nikamwambia tulia, nitakuletea redio yangu kubwa kuliko zote, ile ya valvu sita, utamsikia mtangazaji mpaka anavyomeza mate.

Sasa, wakati ule nilikuwa kwenye umeme wa kiwanda cha sukari, nabadilisha fyuzi na kusugua swichi. Na mtu wa Dzamandzar akitaka kufunga kitu, anakifunga kwa gunia la sukari. Hafikirii. Kwetu mapazia ni magunia, mkoba wa shule gunia, mimi mwenyewe nilipozaliwa nililazwa juu ya gunia. Nikachukua magunia matatu, nikayakung'uta, nikaivisha redio kama bibi harusi, nikashona kwa uzi wa katani. Kufua sikufua. Kwetu nani anafua gunia?

Meli ya mizigo kutoka Hell-Ville, bandari ya kisiwa chetu, ilichukua siku tatu. Redio ilikaa juu, chini ya turubai, jua linachoma, maji ya chumvi yanaruka. Jumatano nikateremka Mahajanga, nikapanda pusipusi, kile kigari kinachovutwa na mtu, redio mapajani.

"Umebeba maiti?" mvutaji akaniuliza.

"Maiti anayeongea."

Tulipofika Mahabibo akaniangalia mkono. "Maiti wako ana sisimizi, kaka."

Nikacheka. Mpaka leo nakumbuka kwamba nilicheka.

Alhamisi mchana nikaiweka mezani, nikafunga waya wa anga mpaka kwenye bati la jirani, nikawasha. Koko amevaa buibui kabisa, kama anapokea mgeni. Tukasubiri joto. Kilichotangulia hakikuwa sauti. Kilitangulia harufu, nzuri kweli, ya sukari iliyoungua. Mwanamke wa nyumba ya pili akaja na sahani akauliza tunapika nini. Halafu sisimizi wakaanza kutoka, wanafuatana vizuri kabisa kama watu wanaotoka msikitini, na redio ikapiga kelele kama mafuta ya kukaangia, na valvu ya nyuma ikawaka buluu, ikazima.

"Ndiyo hiyo Moroni?" Koko akauliza.

Magunia yalikuwa yameloa chumvi, sukari ikayeyuka, ikatiririka ndani. Nikafungua, nikasugua kwa kitambaa na ndimu, nikapuliza mpaka kichwa kikauma. Kwa juu paling'aa. Nikajiambia ile valvu ilikuwa imezeeka, ingekufa tu. Na kiredio cha Koko kilikuwa na valvu kama ile ile.

Ijumaa asubuhi nikamwomba. Sikumwuliza hasa, nilimwambia. "Koko, naazima moja kutoka kwenye kitoto chako, naitia kwa baba yake."

"Ikiharibika?"

"Koko! Mimi ndiye fundi."

Akanisogezea kiredio. "Haya, fundi."

Nikaichomoa, nikaitia kwenye redio kubwa, nikawasha. Chini ya soketi, mahali ambapo kitambaa hakikufika, uji wa sukari ulikuwa bado umelala. Valvu ya Koko ikawaka buluu, ikazima. Ilichukua muda wa kutosha kusema bismillahi, na mimi sikuisema.

Basi mezani kuna redio mbili na zote ni mbao. Akiba yangu ya valvu ilikuwa kwenye kopo la biskuti, chini ya kitanda, Dzamandzar. Nikasikia watu wanatoka msikitini. Koko hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alikaa palepale na buibui lake, macho kwenye doa la hina.

Nikatoka mbio. Kona ya soko kulikuwa na fundi cherehani mwenye kiredio cha betri, hukitundika kwenye msumari.

"Moroni! Mzee wangu, niwekee Moroni!"

"Betri zimekufa hizi. Zilikuwa juani toka asubuhi, zinafufuka kidogo tu."

"Hicho hicho kidogo!"

Akaweka. Nikabandika sikio, sikio langu na lake pamoja, tunanukiana jasho. Likasomwa jina la watu wengine. Tena la watu wengine. Halafu, Wallahi, likasomwa jina la bibi yangu, wa Mahabibo, Mahajanga. Mwanao anakusalimu. Yu mzima. Amejifungua salama, mtoto...

Na sauti ikazama. Haikukatika, afadhali ingekatika. Ilizama polepole, kama mtu anayeondoka huku bado anaongea na wewe. Nikakitikisa. Fundi akatoa betri, akaziuma, akazisugua kwenye suruali, akazirudisha. Ikatoka taarabu.

"Ulisikia nini mwisho?" nikamwuliza.

"Mtoto."

"Mtoto nini?"

"Mtoto tu, bwana. Mimi sikuzaa."

Njiani kurudi nilipanga kumwambia ni mvulana. Kofia ilishafika nusu, ingekuwa rahisi. Mimi kudanganya naweza, nimedanganya walimu, nimedanganya msimamizi wa kiwanda. Nikafika mlangoni, Koko akasimama, mdomo wangu ukakataa.

"Wamekutaja, Koko. Mzima. Kajifungua salama."

Akaketi. Akashukuru Mungu mara tatu, kwa sauti ndogo. Kisha, "Kazaa nini?"

"Mtoto."

"Wa kike au wa kiume?"

"Koko, redio haikumvua nguo."

Maskhara yangu yote anayachekaga. Haya hakucheka. Alichukua kofia yake, akaitazama, akaichomeka sindano.

Nilimpelekea valvu mwezi uliofuata, tena kumi, kwenye pamba, kwenye kopo. Kiredio chake nikakiponya, sauti sasa iko nje ya mtungi, ungesema mtangazaji kaja kula chakula cha mchana. Ile salamu haikurudiwa. Tuliandika barua redioni, tulimtuma msafiri, akarudi akasema kwenye nyumba tuliyokuwa tunaiandikia barua hawamjui. Halafu salamu zenyewe zikapungua, wakaanza kuweka nyimbo.

Miaka saba imepita. Redio kubwa sikuirudisha Nosy Be. Niliitoa utumbo, likabaki sanduku, Koko anaweka humo kofia, na gauni. Ndiyo, alianza na gauni. Kila mwaka baada ya Idi huvitoa vyote viwili, akafumua, akaongeza kidole kimoja kila upande.

Safari hii nilimkuta amewaita watoto wa jirani, kaka na dada, wa umri wa mjukuu huyo. Mvulana akajaribu kofia, ikamkaa. Msichana akajaribu gauni, likamkaa. Koko akawageuza, akavuta mshono hapa, akanyoosha pale, akawavua, akakunja, akarudisha ndani ya sanduku.

"Nikusaidie nini, Koko?" nikasema.

"Leo Ijumaa," akasema. "Washa."

Nikawasha. Mshale sikuugusa, uko palepale kwenye doa la hina. Tukakaa, tukasubiri kiredio kipate joto.